Cheti cha ubora: Yampasayo mwagizaji wa Kariakoo kabla kontena halijafungwa

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

WAFANYABIASHARA wengi wa Kariakoo huanza kulifikiria Shirika la Viwango Tanzania (TBS) pale wakala wa forodha anapowapigia simu na kuwaeleza kuwa kontena limekwisha kushuka bandarini, ushuru umekokotolewa, lakini mzigo hauwezi kutoka kwa sababu hauna cheti. Kwa wakati huo mengi yamekwisha kuharibika. Cheti kinachodaiwa hutolewa katika nchi mzigo ulikotoka, na hutolewa kabla kontena halijafungwa.

Utaratibu huo wa kukagua bidhaa kabla hazijasafirishwa kuja nchini, ambao wafanyabiashara wameuzoea kwa kifupisho cha PVoC, ulianza kutumika Februari 2012. Kabla ya hapo bidhaa nyingi zilikaguliwa baada ya kufika. Kuanzia mwaka huo TBS iliingia mikataba na kampuni za kimataifa za ukaguzi, kwa kuanzia SGS, Intertek na Bureau Veritas, ili zikague na kupima bidhaa huko huko zinakonunuliwa na kutoa cheti kwa niaba ya shirika. Kenya ilikuwa imetangulia kuanzisha utaratibu wa namna hiyo mwaka 2005, na Uganda ilifuata mwaka 2013.

Hoja ya serikali ilikuwa nyepesi kueleweka. Bandari haiwezi kufungua na kupima kila shehena bila kusababisha msongamano, na bidhaa hafifu ikishatia mguu nchini huwa tatizo la nchi: ama irudishwe ilikotoka kwa gharama, ama iteketezwe. Ni nafuu zaidi kuizuia ikiwa bado mlangoni mwa kiwanda.

TBS yenyewe ni chombo cha siku nyingi. Ilianzishwa kwa Sheria Na. 3 ya mwaka 1975, ikaanza kazi Aprili 1976, na leo inaendeshwa kwa Sheria ya Viwango Na. 2 ya mwaka 2009. Makao yake makuu yapo Ubungo, mwendo mfupi tu kutoka Kariakoo iwapo Barabara ya Morogoro haina foleni. Kazi yake ni kuandaa viwango vya kitaifa na kusimamia utekelezaji wake. Vipo viwango vya hiari na vipo vya lazima. Vya lazima ni vile vinavyogusa afya na usalama wa watu pamoja na mazingira, na sehemu kubwa ya bidhaa zinazojaza maduka ya Kariakoo inaangukia humo: nyaya na soketi, pasi na majiko ya umeme, vyakula vya makopo, vipodozi, vifaa vya ujenzi, nguo za mitumba.

Kiwango si kitu cha kufikirika. Kwa waya wa umeme, kwa mfano, hueleza unene wa shaba ndani ya ganda, aina ya plastiki inayoifunika na joto ambalo plastiki hiyo inapaswa kulistahimili. Waya ulioandikwa milimita za mraba 2.5 huku ndani yake mkiwa na shaba pungufu, au alumini iliyopakwa shaba, hupata joto kuliko fundi alivyokadiria. Fundi hufunga kile kilichoandikwa kwenye ganda. Mwenye nyumba hulala bila habari. Kwa bati, kiwango hueleza unene wake, na ni muhimu kukumbuka kuwa namba ya geji ikipanda unene hupungua, hivyo bati la geji 30 lililopigwa chapa ya geji 28 ni wizi wa unene unaolipwa na mnunuzi siku upepo unapovuma.

Suala la plagi nalo huwaponza wengi. Tanzania hutumia umeme wa volti 230 na mzunguko wa hezi 50, na soketi zake ni za miguu mitatu ya pembe nne, kwa mtindo wa Kiingereza. Kifaa kilichotengenezwa kwa soko la ndani la China huja na plagi ya miguu bapa iliyoinama, cha soko la Ulaya bara huja na miguu ya mviringo, na cha Marekani huja pia na volti ya takriban nusu ya ile inayotumika hapa. Kiwanda kina uwezo wa kubadilisha plagi kwa gharama ndogo iwapo kimeambiwa mapema. Kisipoambiwa hupakia kilichopo, na ndiyo asili ya adapta nyingi zinazouzwa kando ya barabara ya Msimbazi kama njugu.

Namna cheti kinavyopatikana

Anayeomba ukaguzi kwa kawaida ni muuzaji wa nje, kwa sababu ndiye mwenye mzigo mkononi. Mwagizaji wa Dar es Salaam asitarajie muuzaji atakumbuka jambo hilo kwa hiari yake. Wauzaji wakubwa wa Guangzhou na Yiwu wanaufahamu utaratibu wa Tanzania, lakini viwanda vidogo huenda havijawahi kuusikia, na muuzaji anayetaka kufunga biashara haraka hujibu kuwa hakuna tatizo. Sharti la cheti linapaswa kuandikwa katika makubaliano ya ununuzi kabla ya malipo ya awali, ikielezwa nani atalipia ukaguzi na nini kitatokea iwapo bidhaa zitashindwa vipimo.

Muuzaji hupeleka maombi kwa kampuni ya ukaguzi iliyoidhinishwa na TBS kwa eneo lake. Maombi huambatana na ankara ya awali, orodha ya bidhaa, na ripoti za vipimo vya maabara kama zipo. Kampuni hutazama kiwango gani cha Tanzania kinahusika. Pale ripoti zisipojitosheleza, sampuli hupelekwa maabara. Kisha mkaguzi hufika ghalani au kiwandani, huhesabu, hulinganisha lebo na nyaraka na kuona kuwa kilichopo ndicho kilichoombewa. Vyote vikilingana, cheti hutolewa, nacho ndicho wafanyabiashara hukiita kwa herufi zake tatu, CoC.

Zipo njia tatu, zinazotajwa kwa herufi A, B na C. Ya kwanza ni ya yeyote, hata anayeleta mzigo mara moja tu, na kila shehena hupimwa na kukaguliwa. Ya pili ni kwa muuzaji ambaye bidhaa zake zimekwisha kusajiliwa baada ya kuthibitika kuwa hazibadiliki, naye hupunguziwa vipimo. Ya tatu ni kwa kiwanda kinacholeta bidhaa zile zile mara kwa mara, ambacho hukaguliwa mfumo wake wote wa uzalishaji na kupewa leseni. Kadiri njia inavyosonga kutoka A kwenda C, ndivyo ada ya kila shehena inavyopungua.

Ada hiyo hukokotolewa kwa asilimia ndogo ya thamani ya mzigo kabla ya nauli na bima, na imewekewa kiwango cha chini ambacho lazima kilipwe hata mzigo uwe mdogo vipi. Hapa pana jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha. Kwa mwenye kontena zima la futi 40, ada hiyo haionekani ndani ya bei ya bidhaa. Kwa mwenye katoni 12 za pasi, kile kiwango cha chini kinaweza kumeza faida yake yote. Sheria ni moja kwa wote, lakini uzito wake haulingani.

Ripoti ya maabara nayo ina masharti. Inapaswa kutoka katika maabara yenye ithibati ya ISO/IEC 17025, iwe ya bidhaa ile ile na toleo lile lile, wala isiwe ya kitu kinachofanana nayo. Wapo wauzaji wanaotuma ripoti moja kwa wateja 100, ikiwa na picha ya pasi isiyofanana hata kwa rangi na ile iliyo ndani ya katoni.

Vivyo hivyo, alama ya CE iliyochapwa kwenye chaja na balbu haichukui nafasi ya cheti. Alama hiyo ni ya soko la Ulaya, na kwa bidhaa nyingi ni tamko la mtengenezaji mwenyewe kuwa ametimiza masharti ya huko. Hakuna mkaguzi wa Tanzania anayelazimika kuliamini. Mwagizaji asikubali pia ushawishi wa kiwanda kumchapia nembo ya TBS kwenye maboksi ili bidhaa ipendeze sokoni. Nembo ile hutolewa kwa leseni, kwa mzalishaji aliyekaguliwa, na kuitumia bila leseni ni kosa linalojitegemea hata kama bidhaa yenyewe haina dosari.

Kontena la kuchangia

Maelezo yote hayo yanamfaa mwenye kontena lake. Kariakoo hata hivyo haiendeshwi na wenye makontena peke yao. Sehemu kubwa ya bidhaa zinazopandishwa ngazi za majengo ya Mtaa wa Congo na Aggrey huja kwa kuchangia kontena. Mfanyabiashara hununua katoni zake sokoni Guangzhou, huzipeleka katika ghala la msafirishaji mizigo, hulipia kwa mita za ujazo na kurudi nyumbani kusubiri. Ndani ya kontena hilo moja huweza kuwamo viatu vya mmoja, vyombo vya jikoni vya mwingine, taa za tatu na vipodozi vya mtu asiyetaka vipodozi vyake vijulikane.

Mzigo wa namna hiyo una majeraha mengi. Mara nyingi mwagizaji anayetambulika mbele ya forodha ni kampuni ya usafirishaji, na mwenye katoni hatajwi popote. Kama cheti kipo, kimeandikwa kwa jina la kampuni hiyo, na wakati mwingine kinahusu sehemu tu ya vilivyomo. Kontena likizuiwa kwa ajili ya vipodozi vya mmoja, taa na viatu vya wengine hubaki humo humo, na gharama za kuhifadhi kontena bandarini au katika bandari kavu huendelea kuhesabiwa kila siku.

Mwenye mtaji mdogo ndiye anayeumia zaidi. Fedha zake mara nyingi ni za mkopo, au za kikundi, na huwa alipanga kuuza kabla ya sikukuu fulani. Nguo za Idi zikitoka bandarini wiki moja baada ya Idi, hazijapungua ubora hata kidogo, ila soko lake limekwisha.

Ziko hatua zinazopunguza hatari hiyo. Kwanza ni kumtaka msafirishaji aeleze, kwa maandishi, iwapo bei yake ya mita za ujazo inajumuisha ukaguzi na cheti, na kwa bidhaa zipi. Bei inayotajwa kuwa ni ya kila kitu, ushuru ndani, bila nyaraka yoyote kwa jina la mteja, ni ya kutiliwa shaka, kwani mteja huyo hatakuwa na chochote cha kuonyesha mkaguzi wa TBS au ofisa wa Mamlaka ya Mapato (TRA) atakapoingia dukani. Pili ni kutochanganya bidhaa zinazohitaji vibali maalumu na zile za kawaida. Wafanyabiashara wanaouza bidhaa ya aina moja katika mtaa mmoja wanaweza kuungana na kuagiza kontena moja la bidhaa hiyo, cheti kimoja, kiwanda kimoja. Jambo hilo linahitaji kuaminiana, na Kariakoo si kila jirani humwonyesha jirani yake anakonunulia.

Tatu ni kuhusu thamani. Wapo wanaotaja thamani halisi kwa kampuni ya ukaguzi na thamani ndogo kwa forodha, wakitumai karatasi hizo mbili hazitakutana. Zinakutana. Ankara iliyotumika kuombea ukaguzi inapopishana na ile ya kukadiria ushuru, mzigo huwa na maswali mawili mahali pa moja.

Mzigo ukifika bila cheti

Shehena isiyo na cheti hairudishwi moja kwa moja. TBS hufanya ukaguzi hapa hapa, lakini kwa tozo ya ziada ambayo nayo hutokana na thamani ya mzigo, ukijumlisha gharama za vipimo. Wakaguzi huchukua sampuli, huzipeleka maabara, na mwenye mali husubiri. Kwa baadhi ya bidhaa, mzigo huruhusiwa kwenda kwenye godauni la mwagizaji ukiwa chini ya zuio, kwa sharti kwamba usiuzwe hata kidogo hadi majibu yatoke. Wapo waliouza, na majibu yakatoka mabaya.

Bidhaa zikishindwa vipimo, zinarejeshwa zilikotoka au zinateketezwa, na katika hali zote mbili gharama ni za mwagizaji. Ni nadra sana kwa kiwanda cha ng'ambo kukubali kupokea mzigo wake na kurudisha fedha, isipokuwa pale makubaliano ya mwanzo yalipolitaja jambo hilo.

Kuna wanaoamini kuwa kupitia mipaka ya nchi kavu au Zanzibar hukwepesha masharti. Sheria inahusu bidhaa inayoingia, iwe kwa bandari, kwa uwanja wa ndege au kwa Namanga, Sirari na Tunduma. Zanzibar ina shirika lake la viwango, ZBS, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2011. Kwa bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hali ni tofauti: Sheria ya Jumuiya ya mwaka 2006 inayohusu viwango na vipimo inazitaka nchi wanachama zitambue alama za ubora za wenzao, hivyo sabuni ya Kenya yenye alama ya KEBS haipaswi kupimwa upya kana kwamba imetoka nchi ya mbali. Iwapo nyakati zote imekuwa hivyo mipakani, hilo ni suala jingine.

Milango zaidi ya mmoja

Mwagizaji mgeni hudhani kuwa akimalizana na TBS amemalizana na serikali. La hasha. Hadi mwaka 2019 mwagizaji wa vyakula au vipodozi alipaswa kuhudumia ofisi mbili, TBS na iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA). Kuanzia Julai 1 mwaka huo, kupitia Sheria ya Fedha, usimamizi wa chakula na vipodozi ulihamishiwa TBS, na TFDA ikageuka kuwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Hivyo anayeleta maziwa ya unga, juisi au losheni husajili bidhaa na majengo yake TBS, na anayeleta dawa, mipira ya mikono ya hospitali au vipima joto huenda TMDA.

Vyakula kutoka nje hupimwa pia mionzi na Tume ya Nguvu za Atomiki (TAEC). Kemikali za viwandani na majumbani zipo chini ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Viuatilifu, zikiwamo dawa za wadudu za shambani, vina mamlaka yake. Mizani husimamiwa na Wakala wa Vipimo. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, na hakuna cheti cha nchi yoyote kitakachoihalalisha.

Kwa upande wa vipodozi, Tanzania ilipiga marufuku vile vyenye zebaki na haidrokwinoni tangu 2003. Miaka zaidi ya 20 baadaye, krimu za kuchubua ngozi bado hukamatwa. Haidrokwinoni ikitumiwa kwa muda mrefu huharibu ngozi iliyodhamiriwa kung'arishwa, na zebaki hupenya mwilini na kudhuru figo. Bidhaa hizo mara nyingi haziji kwa kontena lililotangazwa. Huja ndani ya mizigo ya watu wengine, na ndiyo maana zimetajwa hapo juu katika habari ya kuchangia.

Lebo za vyakula na vipodozi zinapaswa kusomeka kwa Kiswahili au Kiingereza. Boksi lenye Kichina au Kiarabu pekee, hata liwe na bidhaa nzuri namna gani, haliwezi kumweleza mama wa Temeke kilichomo na kinaisha lini muda wake. Kubandika karatasi baada ya mzigo kufika ni jambo linaloleta shaka mara moja, hususan pale tarehe ya kwisha muda inapoangukia chini ya karatasi hiyo.

Nguo za mitumba zina kiwango chake, na kiwango hicho kinazikataa nguo za ndani zilizokwisha kuvaliwa. Marufuku hiyo inafahamika na kila muuzaji wa mitumba, na bado nguo hizo zinatandazwa.

Simu ni mlango mwingine. Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ndiyo inayoidhinisha aina za vifaa vya mawasiliano vinavyoruhusiwa nchini. Juni 16, 2016, simu zenye namba tambulishi bandia zilizimwa nchi nzima, na maduka ya simu ya Kariakoo yalikuwa miongoni mwa yaliyoguswa kwanza. Mnunuzi alielekezwa kubonyeza *#06# ili aione namba ya simu yake, kisha kuituma kwenda 15090 ili apate kujua imetambuliwa kwa jina gani. Simu iliyoandikwa jina moja usoni na kutambulika kwa jina jingine ilikuwa imejishtaki yenyewe.

Hafifu na bandia

Maneno haya mawili huchanganywa kila siku, hata katika taarifa za ofisi. Bidhaa hafifu ni ile isiyokidhi kiwango, na mwenye dhamana nayo ni TBS. Bidhaa bandia ni ile inayotumia nembo au jina la mwingine bila ridhaa, na inashughulikiwa na Tume ya Ushindani (FCC), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, kwa kutumia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Kiatu kinaweza kuwa imara, kikadumu miaka mitatu, na bado kikawa bandia kwa sababu ya mistari iliyochorwa ubavuni. Betri inaweza kuwa na jina halali kabisa lililosajiliwa na ikawa hafifu.

Tofauti hiyo ina maana kwa mwagizaji kwa sababu cheti cha ubora hakimkingi dhidi ya FCC. Anayeagiza kiwandani vitu vyenye nembo maarufu, kwa bei ambayo mwenye nembo asingeweza kuiuza, anajua anachokifanya. Mwenye nembo anaweza kulalamika, maboksi yakakamatwa na kuteketezwa, cheti kikiwa mkononi.

Imani kwa mfumo

Itakuwa si haki kueleza wajibu wa wafanyabiashara pasipo kutaja kwa nini baadhi yao hawauamini mfumo huu. Mwaka 2012, mwaka ule ule utaratibu wa PVoC ulipoanza, bungeni ulizuka mjadala mkali kuhusu ukaguzi wa magari yaliyotumika, baada ya wajumbe wa kamati ya Bunge kueleza kuwa walipokwenda Hong Kong na Singapore hawakuziona ofisi za ukaguzi zilizokuwa zikitajwa. Sakata hilo liliwaachia wengi wazo kuwa cheti ni karatasi ya kununua. Wazo hilo lina madhara makubwa, maana anayeamini kuwa cheti ni cha kununua hutafuta pa kukinunulia, na watu wa kumuuzia cha kughushi hawakosekani. Cheti halisi huhakikiwa katika mifumo ya TBS na ya forodha, hivyo cha kughushi huishia kumwongezea mwagizaji kesi ya jinai juu ya mzigo uliozuiwa.

Mei 2023 maduka ya Kariakoo yalifungwa kwa siku kadhaa, wenye maduka wakilalamikia kodi, usajili wa stoo na namna maofisa walivyokuwa wakiwafuatilia. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alikwenda kukutana nao. Mwaka uliofuata, Juni 2024, maduka yalifungwa tena. Migomo hiyo ilihusu zaidi TRA kuliko viwango. Hata hivyo kilio cha kutembelewa na taasisi nyingi, kila moja kwa siku yake na stakabadhi yake, si kigeni kwa yeyote aliyewahi kupita Mtaa wa Narung'ombe akasikiliza, na taasisi za ubora ni sehemu ya msururu huo.

Muuzaji wa rejareja naye asijione yu nje ya habari hii. Wakaguzi wa TBS huingia madukani, na aliye na bidhaa hafifu rafuni ndiye anayeulizwa kwanza, ingawa hakuiagiza yeye. Jibu la kwamba ilinunuliwa kwa jirani wa ghorofa ya pili halitoshi bila stakabadhi. Stakabadhi ya mashine ya EFD yenye jina la muuzaji wa jumla humwezesha mkaguzi kupanda hadi kwa mwagizaji. Wapo wauzaji wa jumla wanaotunza nakala ya cheti cha kila shehena na kumwonyesha mteja anayeiomba. Wapo wanaokasirika wakiulizwa. Mnunuzi wa jumla kutoka Lubumbashi, Lusaka au Moroni, ambaye mzigo wake utavuka mpaka mwingine wenye masharti yake, ana sababu zaidi ya kuiomba nakala hiyo kabla hajalipa, na kuhakikisha namba ya toleo kwenye cheti ndiyo iliyopo kwenye katoni alizofungiwa.